Koti Lililolala Nyumbani Mwangu

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimeshika simu kwa mikono miwili, nikiutazama ukuta wa nyumba yangu ya Asembo ukipita kutoka simu hadi simu. Wewe unayeingia leo, keti. Nitakueleza haraka.

Naitwa Dorca Akello. Mimi ni mwakilishi wadi hapa Kisumu mjini, mjane wa Dishon, mama wa watoto wawili. Mgombea wetu wa ugavana alikuwa amebakiza siku mbili amtaje mgombea mwenza wake. Jina langu ndilo lililokuwa juu ya karatasi.

Jumanne asubuhi ikatoka picha.

Ndani ya picha hakuna mtu. Kuna ukuta, kuna msumari, na kwenye msumari kuna koti la kiume la rangi ya kahawia. Basi.

Kwa mgeni, koti ni koti. Kwetu, koti la mwanamume likilala katika nyumba ya mjane, mjane huyo amerithiwa. Mwenye koti anaweza kuwa amelala kwake, na mke wake ubavuni. Haidhuru. Koti limelala, mila imetimia.

Na mimi ndiye mwanamke aliyesimama sokoni Otonglo, mbele ya waandishi wa habari, akasema hakurithiwa na hatarithiwa, hata kwa koti.

Nilidanganya. Koti lilikuwa la kweli.

Acha niwaambie lilivyoingia. Ilikuwa mwezi wa tisa, na Dishon alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Dishon alikuwa kifungua mimba wa boma lile, kwa hiyo nyumba yake ndiyo hupanda kwanza. Wadogo zake hawatii mbegu ardhini kabla yangu. Na mjane ambaye hajarithiwa hapandi.

Mvua ilinyesha siku tisa. Wake wa shemeji zangu walikaa na mbegu zao kwenye madebe, wakiitazama mvua, kisha wakinitazama mimi. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Siku ya tisa mama mkwe alikuja, akaketi kwenye kigoda, akasema, "Nyar Alego, watoto wa boma hili watakula hotuba?"

Nyar Alego, binti wa Alego, ndivyo wanavyoniita, kwa sababu ndiko nilikozaliwa.

Nikamwita shemeji yangu Ondiek, mdogo wake Dishon. Akaleta koti jioni, akalitundika sebuleni, akakataa hata chai, akaenda kwa mke wake. Hakunigusa. Hakuwahi hata kunitania. Asubuhi nikapanda mahindi, na kufikia saa nne boma lote lilikuwa shambani.

Nikadhani yamekwisha.

Miezi miwili baadaye nikawa Otonglo. Nilikuwa nimezungumza dakika arobaini juu ya maji ya mtaa wa Nyalenda: bomba lililolazwa chini likasahaulika, na akina mama wanaopanga madumu kwenye foleni kabla jua halijachomoza. Nilikuwa na tarehe. Nilikuwa na majina ya mitaa. Nilipomaliza, waandishi wakanizunguka.

"Mheshimiwa, ukiwa kwenye vikao nani anawapikia watoto?"

"Mheshimiwa, hizo nywele ni zako?"

"Umezaliwa Alego, umeolewa Asembo, unatafuta kura Kisumu. Sasa wewe ni wa wapi?"

Halafu mmoja, kijana mwenye meno mazuri, akauliza akitabasamu, "Na umerithiwa, Mheshimiwa? Ama bado?"

Watu wakacheka. Damu ikanipanda, na damu ikinipanda huwa inaishia kwenye ulimi. Ulimi huu ndio ulionipa kura. Nilisomea uanahabari hadi diploma, najua sentensi inayokatika vizuri kwa ajili ya redio.

"Sikurithiwa na sitarithiwa," nikasema. "Hata kwa koti. Koti ni mnyororo wenye vifungo."

Soko likalipuka kwa vigelegele. Kesho yake maneno yale yalikuwa ukurasa wa mbele. Bomba la Nyalenda halikupata hata mstari mmoja.

Wakaniita Mjane wa Chuma. Nami nikalipenda jina hilo. Mkinihukumu, anzieni hapo.

*

Sasa rudini nami Jumanne ile.

Chini ya picha waliandika: KOTI LA NANI CHUMBANI MWA MHESHIMIWA?

Ulikuwa ukuta wa sebuleni. Wao waliandika chumbani.

Kufikia adhuhuri redio moja ilikuwa imetaja wanaume watatu: dereva wangu, mwalimu mkuu wa shule ya wanangu, na askofu mmoja ambaye sijawahi hata kumwamkia. Gazeti likamtafuta daktari wa ndoa aeleze upweke wa wanawake wenye vyeo. Mpinzani wangu kwenye ile orodha ana wake watatu. Siku hiyo hiyo alihojiwa nusu saa juu ya barabara. Hakuna aliyemuuliza koti lake hulala wapi.

Nikaenda Asembo Bay. Boma lilijua na likafunga mdomo, lakini watu watatu tu ndio waliolitia machoni koti likiwa ukutani: mimi, mama mkwe, na Ondiek. Mama mkwe simu yake ni ya vibonye, haipigi picha. Nilikuwa nimeshamhukumu Ondiek kabla sijafika.

Nikamkuta ufuoni kando ya mzani, akipima mbuta. Wauza samaki walinyamaza waliponiona. Mmoja hakuweza kujizuia.

"Ondiek! Koti lako limekuwa mheshimiwa, na wewe bado unanuka magamba!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ondiek hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akanijia.

"Karibu, shemeji."

"Sijakuja kukaribishwa. Nimekuja kuuliza swali moja."

"Uliza mawili. Umetoka mbali."

"Walikupa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto.

"Yawa, Nyar Alego. Mke wangu amerudi kwao tangu asubuhi kwa sababu ya hiyo picha. Imeandikwa chumbani, sasa anasema, kumbe koti lilienda na mwenyewe. Nimeapa mpaka koo limekauka. Sasa wewe unasema mimi ndiye nimejichomea nyumba?"

"Basi ni nani?"

"Lete hiyo simu."

Nikampa. Akaipanua picha kwa kidole kilichojaa magamba, akaisogeza mpaka pembe ya chini. Pale, juu ya meza yangu, ilionekana nusu ya kitu cha mviringo, cha kijani, chenye manyoya manyoya.

"Hiki ni nini?"

Nikaisogeza simu karibu na macho.

"Nakuuliza, Mheshimiwa. Mimi navua samaki. Sivui sauti."

Ilikuwa sponji ya kipaza sauti. Kijani kile nakijua. Ni cha Upepo FM. Na Upepo FM ina mtu mmoja tu aliyewahi kuketi kwenye meza ile.

Watu waliolitia machoni walikuwa wanne. Wa nne sikuwa nimemhesabu, kwa sababu mtu hajihesabu mara mbili.

"Shemeji," nikamwambia Ondiek, "nisamehe."

"Nenda kwanza kwa mke wangu umwambie hivyo," akasema, akarudi kwenye mzani.

Nikaenda. Nilipiga magoti kwenye ua wa wazazi wake, na leso yangu ikajaa vumbi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema atarudi kwake mvua ikija, si kabla.

*

Habiba ni mzaliwa wa Kisumu, binti wa Kiislamu wa mtaa wa Kaloleni. Tulisoma diploma pamoja. Tulikodi chumba kimoja Nyalenda, godoro moja, sufuria mbili. Yeye aliswali pembe ile, mimi nikaimba nyimbo za kanisa pembe hii, na Ramadhani nilikuwa nafunga naye kwa sababu hakukuwa na maana ya kupika kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi nikaingia siasa, yeye akaingia redio. Nilipozika mume wangu, Habiba ndiye aliyenishika mkono kaburini.

Asubuhi ile ya koti alikuja Asembo kunihoji kwa kipindi cha viongozi nyumbani kwao. Ondiek alikuwa bado hajaja kulichukua koti lake. Habiba aliliona mara tu alipoingia. Ameishi kando ya ziwa maisha yake yote, hakuhitaji kufafanuliwa.

Nikamweleza. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Akanikumbatia, akajigusa kifuani.

"Siri yako imezikwa hapa, Dorca."

Tukaenda shambani. Alivua viatu vyake vya mjini na kupanda mstari mzima wa mahindi pamoja nami. Sikujua kwamba nilipokuwa jikoni nikikoroga uji, simu yake ilikuwa imeshautazama ukuta.

Jumatano saa tatu nilipanda ngazi za Upepo FM, ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi. Nikamkuta chumba cha wahariri, peke yake, amevaa ushungi wa buluu niliomnunulia mimi.

"Habiba. Sponji yako iko kwenye picha."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Nilikuwa nimepanga majibu yote ya kukana.

"Niliipiga ukiwa jikoni," akasema. "Sikuwa na nia. Niliona kitu, nikakipiga. Mkono umezoea."

"Na kuitoa, mkono umezoea pia?"

"Kaa chini."

"Siketi."

"Basi simama, lakini sikiliza. Otonglo, nani alikushikia kipaza sauti?"

Nikatazama mlango.

"Mimi, Dorca. Ulisema 'hata kwa koti' ukinitazama machoni. Ulijua najua. Ukanifanya nirushe uongo wako hewani, na jina langu juu yake. Nimekaa nao miezi minne."

"Ungenijia."

"Nilikujia mara mbili. Mara ya kwanza ukasema tuongee baada ya bajeti. Mara ya pili ukasema baada ya uchaguzi."

Ilikuwa kweli, na ukweli wa mtu aliyekusaliti huwa na ladha mbaya kuliko uongo wake.

"Unamkumbuka Agneta?" akaniuliza.

Ningemsahau vipi. Agneta ni mjane aliyenisikia redioni siku ile ya Otonglo. Shemeji zake walipomletea koti, alilitupa nje kwenye tope na kuwaambia maneno yangu, neno kwa neno, hadi kwenye mnyororo na vifungo. Wakang'oa mabati ya nyumba yake yeye akiwa ndani na watoto. Mwezi wa kwanza alikuja ofisini kwangu. Nikampa leso yenye uso wangu. Tukapigwa picha tumeshikana mikono, na mimi mwenyewe ndiye niliyeisambaza.

"Anauza dagaa wa omena Otonglo," Habiba akasema. "Analala Nyalenda, watu sita chumba kimoja. Juzi alinishika mkono akaniambia, 'Mheshimiwa aliweza, na mimi nitaweza.' Nikashindwa kumtazama."

"Ndipo ukaipeleka picha."

"Ndipo nikaipeleka."

"Kama ni Agneta aliyekuuma, ungeniweka hewani uniulize! Ungeniuliza kwa sauti, kila mtu asikie, nami nijibu. Wewe ulibeba ukuta wangu mzima mzima ukawapa watu walioandika kwamba ni chumba cha kulala. Umewahi kuona koti la mwanasiasa mwanamume gazetini?"

Akainamisha macho.

"Kichwa cha habari si changu."

"Na kipindi cha asubuhi? Nimesikia kuanzia Jumatatu ni chako."

Chini yetu nyundo za duka la matairi zikagonga.

"Ni changu," akasema.

Nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Kumi na miwili ndiyo miaka ya urafiki wetu, na nilikuwa naiona yote imepangwa mezani kwake, kando ya ratiba mpya ya vipindi yenye jina lake kwa wino mzito.

"Kesho saa nne una mahojiano na mimi," akasema. "Laivu. Chama chako ndicho kilichoomba. Njoo useme mwenyewe, Dorca. Sitakuokoa wala sitakuzamisha."

"Vua ushungi wangu," nikamwambia.

Hakuuvua. Nikashuka ngazi.

*

Alasiri hiyo alinipigia Wechuli, katibu wa chama, mtu mwenye sauti ya mhubiri na moyo wa dalali.

"Mama, mbona unalia kama mtu aliyefiwa? Hii kitu ni ndogo. Maneno sita tu. Chukua kalamu."

"Maneno gani?"

"Koti ni la marehemu mume wangu. Hesabu."

Nikahesabu. Yalikuwa sita.

"Mjane amemkumbuka mumewe, ametundika koti lake, amelia kidogo, amelala," Wechuli akaendelea. "Nani atamchukia? Kesho utakuwa umepata kura za wamama wote na za wanaume wanaoogopa kufa."

"Na Ondiek?"

"Ameongea na mimi. Ananyamaza. Anasema wewe ni mke wa kakake, hawezi kukuanika."

Mtu niliyemhukumu jana yake ndiye aliyekuwa akinilinda. Mtu niliyeshirikiana naye godoro ndiye aliyekuwa ameniuza.

"Wechuli, Dishon hakuwa na koti. Hakupenda makoti. Tulimzika na sweta."

"Mama," akasema pole pole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, "wafu hawapigi simu redioni. Kesho saa nane mchana mzee anataja mgombea mwenza. Maneno sita. Usiongeze la saba."

Kwa Kiluo mjane anaitwa chi liel, mke wa kaburi. Nilikaa na maneno yale sita hadi giza likaingia, nikaona ninachoombwa: nimtoe Dishon kaburini, nimvalishe koti la mdogo wake, nimsimamishe mbele ya watu aniombee kura.

Asubuhi nikayakariri nikipiga mswaki.

*

Alhamisi, saa nne. Studio ya Upepo FM ni ndogo, ina kioo upande mmoja. Nyuma ya kioo alisimama Wechuli na suti yake ya kijivu. Mbele yangu Habiba. Kati yetu, kipaza sauti chenye sponji ya kijani.

Alikuwa ameshika karatasi ya maswali yaliyoandikwa na wakubwa wake. Nilijua si yake kwa namna alivyoishika, kwa ncha za vidole.

"Mheshimiwa Dorca Akello, karibu. Wasikilizaji wanataka kujua, leo umevaaje?"

"Hii ni redio, Habiba."

Mtangazaji wa michezo aliyekuwa pembeni akakohoa kuficha kicheko.

"Ukiteuliwa, watoto wako watabaki na nani?"

"Na yule yule anayebaki na watoto wa gavana."

Akaipindua karatasi.

"Picha iliyosambaa tangu Jumanne. Lile koti ni la nani?"

Nilimtazama. Alinitazama. Alijua jibu, na alijua najua kwamba analijua. Kwa sekunde moja tulikuwa tena Nyalenda, godoro moja, mmoja akisubiri mwenzake aseme ukweli juu ya nani amemaliza sukari.

"Koti ni la marehemu mume wangu," nikasema.

Wechuli akainua kidole gumba. Habiba aliiweka karatasi chini. Aliuma mdomo. Angeweza kunimaliza pale pale, na hakunimaliza.

"Tufungue simu," akasema hatimaye. "Laini ya kwanza, uko hewani. Unapiga kutoka wapi?"

Kelele za soko zikajaa studio. Mbuzi, spika ya muuza dawa za panya, mtu akiita bei ya nyanya. Halafu sauti ya mwanamke.

"Otonglo hapa. Naitwa Agneta."

Nikamtazama Habiba.

"Mama, ni mimi uliyenipa leso. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka, Agneta."

"Nimefurahi mpaka nalia. Tangu Jumanne hawa watu wananicheka kwa kibanda changu. Eti Mheshimiwa wako amelaza koti. Nikawaambia hilo koti ni la marehemu, mtaona. Nilijua! Mungu akubariki, Mama."

"Asante sana, Agneta," nikasema haraka. "Tuwape na wengine nafasi."

"Ngoja, Mama. Ngoja kidogo. Niko na neno."

Habiba hakukata. Wechuli alimwonyesha kwa mkono akate, mkono ukipita shingoni. Habiba aliviondoa vidole vyake kwenye vitufe, akaiweka mikono yote miwili mapajani.

"Shemeji yangu yuko hapa," Agneta akasema. "Amekuja na wazee wawili. Wamekuja na koti. Hawajakuja na vita, wamekuja na adabu. Wanasema mvua imeanza na boma haliwezi kupanda bila mimi. Nikikubali koti lilale usiku mmoja, mabati yanarudi leo. Ameapa ni koti tu. Watoto wananiambia, 'Mama, twende nyumbani.'"

Kelele za soko zilikuwa zimepungua. Nadhani watu walikuwa wamemzunguka.

"Jumanne nilipoona ile picha, Mama, sikukasirika. Mdomoni nilikutetea, lakini nitakuambia ukweli wa moyoni. Nilipumua. Nilisema, kama hata yeye alilaza koti, basi si aibu, na mimi nitalaza nirudi kwangu. Nikampigia shemeji mwenyewe, nikamwambia kuja. Lakini leo umesema ni la marehemu. Kwa hivyo wewe ulikataa. Kwa hivyo na mimi nikatae. Si ndiyo?"

Simjui shemeji yake. Koti la Ondiek lilibaki koti kwa sababu Ondiek ni Ondiek. Nikisema ukweli, huenda ninamfungulia mlango mwanamume nisiyemjua. Nikirudia yale maneno sita, Agneta atarudisha lile koti mbele ya soko zima na kurudi Nyalenda, watu sita chumba kimoja, kwa kunifuata mahali ambapo mimi mwenyewe sikwenda.

Nyuma ya kioo Wechuli alikuwa ameinua vidole sita. Mkono mmoja mzima, na kidole kimoja cha mkono wa pili. Alivitikisa.

"Mama? Nimeweka simu kwa spika," Agneta akasema. "Wote wanasikia. Sema tena pole pole, niwakomeshe hawa."

Nikakivuta kipaza sauti karibu. Sponji ikanigusa mdomo.

"Agneta," nikasema. "Dishon hakuwa na koti."

"Sema, Mama? Hapa kuna kelele."

"Mume wangu hakuwahi kuwa na koti. Lile ni la shemeji yangu. Lililala kwangu usiku mmoja, mwezi wa tisa, nami nilikubali, ili boma lipande. Nilikuwa nimeshalilaza kabla sijasimama Otonglo. Niliyoyasema siku ile yalikuwa uongo. Na niliyoyasema sasa hivi yalikuwa uongo pia."

Nyuma ya kioo vidole sita vilishuka kimoja kimoja. Wechuli akatoa simu yake, akaniangalia mara moja, akageuka akipiga. Habiba alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya ushungi wangu.

Sikuwa nawasubiri wale wawili. Nilikuwa nasubiri Otonglo. Nilisikia mtu wa mbali akicheka, mtu mwingine akimwambia nyamaza. Nilisikia mzee akimwambia Agneta kwa Kiluo, taratibu, kwamba sasa amesikia mwenyewe.

Kisha sauti ya Agneta ikarudi, ndogo, bila vigelegele, karibu sana na sikio langu.

"Basi mabati yangu yaling'olewa kwa nini, Mama?"